Puti Si Dawa ya Kutu

Imekita katika fikra za watu wetu wa mwambao, wenye magari na mafundi wao kwa pamoja, itikadi ya kwamba gari ni injini, na kwamba bodi si kitu ila vazi lake. Kwa hiyo mtu anayeazimia kulihuisha gari la zamani katika ua wa nyumba yake, likiwa ni Peugeot 504 aliyoachiwa na marehemu babake au Volkswagen iliyolala miaka chini ya mwembe, hunasihiwa aitumie fedha yake yote na jitihada yake yote kwenye pistoni, giaboksi na kabureta, na lile bati lililoliwa na kutu ampe fundi wa puti alijaze mashimo, alipige msasa, alipake rangi, na shughuli iwe imekwisha. Nasaha hii nimeisikia Mombasa na nimeisikia Tanga, kwa vijana wa gereji na kwa wazee wenye busara ambao katika mambo mengine rai yao naifuata bila kusita. Katika jambo hili nakhitilafiana nao kabisa, wala sikusudii kutafuta njia ya kati baina yangu na wao, kwa sababu nasaha hii, kwa wepesi wake na kwa mazoea, imeyahiliki magari mema ambayo injini zake zilikuwa bado zina uhai, na hata leo inaendelea kuyahiliki.

Insafu yataka hujja za mtu zitajwe kwanza kama yeye mwenyewe angezitaja, ndipo zijibiwe. Husema, basi, kwamba injini ikifa gari husimama, ilhali bodi ikioza gari huenda, maana bodi haibebi kitu. Kwamba puti na rangi ni kazi ya siku chache na ya gharama ndogo. Kwamba kukata bati na kulehemu ni kazi ya karakana kubwa yenye mitambo, wala si ya mtu nyumbani kwake. Na kwamba hata mtu akikata na kulehemu kwa ikhlasi yote, bahari ipo palepale, kusi itavuma tena na chumvi yake, na kutu itarudi, hata ikawa taabu yote ile ni bure. Nami naanza na ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye khatari ya roho za watu.

Aliyesema kwamba bodi haibebi kitu huenda kazi aliifunzwa kwenye Land Rover, gari lililooneshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ambalo kweli lina chasisi ya chuma iliyo peke yake, na juu yake zimefungwa paneli za aluminiamu zinazofunguka kwa spana moja baada ya moja. Lakini Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 ikaenea Afrika tangu Dakar hadi Mombasa, haina chasisi ya namna hiyo hata kidogo: sakafu yake, vizingiti vilivyo chini ya milango, nguzo za ubavuni na paa vimeungwa vikawa kitu kimoja, na kitu hicho kimoja ndicho chasisi. Magari ya ukoo huo wa 504 yalishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na watu wetu wakayasifu kwa uimara juu ya barabara mbovu. Lakini uimara ule haukuwa wa injini pekee, ulikuwa pia wa bati lililokunjwa na kuungwa kwa hesabu, hata uzito wa injini mbele, uzito wa abiria na mizigo nyuma, na kila pigo la shimo la barabarani, vikapita ndani ya vile vizingiti bila ya gari kujikunja. Na kizingiti hicho ni nini? Ni sanduku refu la bati ambalo unene wake ni kadiri ya milimita moja, lenye nguvu kwa sababu ya umbo lake la sanduku, si kwa sababu ya wingi wa chuma chake. Likitobolewa na kutu kwa chini, kisha likajazwa puti na kupakwa rangi nyeusi, hubaki na sura ya sanduku pasipo nguvu ya sanduku. Dalili zake humdhihirikia yeyote anayetaka kuziona: mlango huanza kukwama, na uwazi baina yake na nguzo huwa mwembamba juu na mpana chini, kwa kuwa gari limeanza kulegea katikati.

Hata Land Rover yenyewe haimpi ushahidi, kwa maana ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, ambao hubeba bawaba za milango na kushika usukani, huoza pale dereva anapoweka miguu; na pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakipenya baina yao, aluminiamu ndiyo huliwa, ikageuka unga mweupe chini ya rangi. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo nayo ina mifereji miwili ya bati kwenye mbavu zake, inayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini, na mifereji hiyo ndiyo mihimili ya bodi. Tena betri yake imewekwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, ambako tindikali hudondoka juu ya sakafu na kuila pasi na mtu kuona. Uingereza, ambako magari hukaguliwa kila mwaka, mkaguzi hulikataa gari ambalo kutu imelidhoofisha bati lake ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhika springi, usukani au mikanda ya abiria, wala puti haihesabu kuwa matengenezo ya mahali hapo. Hutaka bati lililolehemiwa. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya urembo.

Sasa tumtazame adui mwenyewe na asili yake, maana naona sehemu kubwa ya khitilafu yetu imetoka katika kutomjua. Kutu si uchafu uliotua juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka, kikaungana na oksijeni na maji, na kikishageuka huvimba, kikataka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko ile kiliyokuwa nayo kilipokuwa kizima. Chumvi haiumbi kutu, bali huihimiza: huyafanya maji yapitishe vyema ule umeme mdogo unaoiendesha kutu, kisha huuvuta unyevu wa hewa, kwani chembe ya chumvi ya kawaida hulowa yenyewe pindi unyevu unapofika takriban asilimia 75, na katika mwambao wetu usiku mwingi wa mwaka hupita kiwango hicho. Gari lililoegeshwa Likoni bila kuguswa na tone la mvua, madhali upepo wa bahari umelifikishia chumvi, huweza kukaa majimaji usiku kucha ndani ya mikunjo yake, mahali ambapo jua la asubuhi haliingii.

Neno la ndani ndilo ninalotaka msomaji alishike. Kutu ya juu ya boneti kila mtu huiona na kila mtu huikimbilia, nayo ndiyo isiyo na madhara makubwa. Ile inayoua gari aghalabu huanza batini na kuja nje. Mlango una matundu madogo upande wa chini ya kutolea maji yanayopenya kandokando ya kioo. Matundu yakizibwa na vumbi na majani, maji hukaa, na bati huoza kutoka ndani. Matope yanayorushwa na gurudumu hutuama juu ya mkunjo wa ndani wa madigadi, yakawa kama kinamasi kisichokauka. Zulia la mpira lililotandikwa sakafuni ili kuihifadhi huficha maji yaliyoingia kwa mpira wa kioo cha mbele uliochakaa. Kwa hiyo lengelenge la rangi linapojitokeza nje, likiwa dogo mfano wa ukucha, ugonjwa nyuma yake umekwisha kutambaa zamani, na mtu anayelikwangua lengelenge hilo, akalijaza puti, akalipaka rangi, ametibu ule upande ambao haukuwa na maradhi.

Na puti ni nini? Ni utomvu wa poliesta uliochanganywa na unga laini wa jiwe la talki, hukandwa kwa dawa ya kuugandisha, hukauka kwa muda mfupi, nao hupigika msasa kwa urahisi. Ulianza kuenea Marekani katika miaka ya 1950, ukashika mahali pa risasi na bati jeupe ambavyo mafundi wa zamani waliviyeyusha na kuvisawazisha kwa mbao, na katika mahali pake ni kitu chema ambacho sikikatai. Mahali pake ni juu ya chuma kizima, kilichosuguliwa kikang'aa, tena kwa utando mwembamba wa milimita mbili au tatu, ili kusawazisha mawimbi madogo yaliyoachwa na nyundo. Lakini puti hunyonya unyevu. Tena hushika kile ilichopakwa, na ikipakwa juu ya kutu hushika kutu, ilhali kutu yenyewe haikushika chuma. Kwa hiyo puti iliyojaza shimo hukaa juu ya kitu kinachobomoka huku ikikinywesha maji, na kila kutu inavyovimba ndivyo inavyoisukuma, mpaka ufa ukatokea ukingoni, maji yakaingia zaidi, na kipande kikubwa kama mkono kikaanguka siku moja barabarani pamoja na rangi yake. Nimeokota vipande hivyo kwa mikono yangu, vizito, vyenye unene wa vidole viwili, na upande wao wa nyuma ukiwa mwekundu kwa chuma kilichokufa.

Wahenga wetu hawakuhitaji kuambiwa jambo hili. Fundi wa majahazi wa Lamu au wa Pangani hakupata kudhani kwamba kalafati ni ubao: pamba na mafuta aliyapenyeza katika maungio ya mbao zilizo nzima, na ubao uliooza aliung'oa, akachonga mwingine, akaupigilia mahali pake, ndipo akakalafati, ndipo akapaka sifa na deheni. Angalimwona mtu akijaza kalafati katika tundu la ubao uliooza, kisha akapakia watu kwenda nao Unguja, angalimshitaki kwa kadhi.

Wengine, walio na maarifa zaidi kidogo, hawataji puti. Hutaja dawa za kugeuza kutu, zile zinazopakwa kwa brashi na kuifanya kutu nyekundu kuwa nyeusi. Dawa hizi zina ukweli ndani yake. Nyingi zimejengwa juu ya tanini, maada ileile iliyomo kwa wingi katika magome ya mikoko yetu, ambayo watu wa pwani waliyatumia kwa kudabighia ngozi na ambayo katika zama za ukoloni yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Tanini ikikutana na kutu hufanya kitu kigumu cheusi kisichoyeyuka kwa maji. Nyingine hutumia asidi ya fosfori. Juu ya kutu nyepesi, pale chuma kilipo kinene bado, nazikubali. Lakini hazirudishi chuma kilichokwenda, wala hazifiki nyuma ya bati ambako brashi haifiki, wala haziiondoi chumvi iliyojificha katika vishimo vidogo vya chuma. Na chumvi hiyo ikibaki chini ya rangi, hata rangi iwe bora namna gani, huvuta unyevu kuupitia utando ule na kuanza kazi yake upya. Chuma cha pwani sharti kioshwe kwa maji matamu, kisuguliwe kwa brashi ya waya, kioshwe tena, kikaushwe upesi kwa moto au kwa jua kali, ndipo kipakwe. Wengi huuruka uoshaji huu kwa kudhani kwamba maji ni adui wa chuma, hali ya kuwa hapa maji ndiyo pekee yanayoiondoa chumvi.

Linakuja sasa lile dai la kwamba kukata na kulehemu hakuwezekani nyumbani, nalo linanikera kuliko yote, kwa sababu huwavunja moyo watu wenye uwezo. Bati la gari ni jembamba, nalo hukatika kwa grenda ndogo na hata kwa mkasi wa bati. Mtu hukata mpaka akione chuma kinachong'aa, kisicho na vishimo, naye akubali kwamba shimo la ukubwa wa sarafu litakuwa dirisha la ukubwa wa daftari, maana hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa umefika. Huchukua karatasi ngumu, akalikata umbo la kiraka, akalijaribu, akalirekebisha mpaka liketi. Kisha huliandika juu ya bati jipya la milimita moja, akalikata na kulikunja kwa nyundo juu ya pembe ya chuma. Kiraka huketi ndani ya dirisha, ukingo kwa ukingo, hakilali juu yake. Katika kulehemu hufungwa kwa nukta, moja hapa na nyingine mbali nayo, kila nukta ikiachwa ipoe, mpaka nukta zikutane, kwa kuwa moto mwingi mahali pamoja hulikunja bati likawa kama jani lililokauka. Mashine ndogo ya kulehemu kwa waya wa milimita 0.6 au 0.8 inatosha, na asiyeweza kuinunua hukodi. Hata gesi ya kabaidi, ambayo mafundi wetu wa jua kali wanaitumia kwa ustadi mkubwa, hufanya kazi hii mikononi mwa mtu mwenye subira. Tangi la petroli liondolewe kwanza na betri ifunguliwe. Katika hili hakuna majadiliano.

Vizingiti vina adabu yake maalumu, na hapa ndipo jitihada ya nyumbani humshinda fundi mwenye haraka. Asikate mtu kizingiti kabla ya kulehemu mihimili ya chuma katika uwazi wa milango, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, na gari likiwa limekaa sawasawa juu ya magurudumu yake au juu ya vigogo vilivyopimwa, si juu ya jeki moja. Tena akate upande mmoja tu, aumalize, aujaribu mlango kwa kuufunga na kuufungua, ndipo aende upande wa pili. Asiyefanya hivyo atakuta gari limejikunja katikati, na atakuwa amelehemu upotofu ule ukawa wa daima. Kazi hii haihitaji karakana, inahitaji muda, na muda ndio ambao mtu wa nyumbani anao na fundi wa ujira hana. Siwalaumu mafundi wa puti. Mtu huwaletea gari asubuhi akitaka ling'ae kabla ya harusi ya Jumamosi, na ujira anaoutoa ni ujira wa kung'arisha.

Kuna pia wale wanaokubali kulehemu lakini hubandika kiraka juu ya bati lililooza, bila kulikata, wakasema wamelitia nguvu. Wametengeneza mfuko: baina ya bati jipya na lile bovu kuna nafasi ambamo maji huingia na hayatoki, na kutu ya zamani imepewa chumba. Na wengine, kwa kubana matumizi, hukata kiraka katika mabati ya kuezekea, ya geji 28 au 30, ambayo hayafiki hata nusu milimita kwa unene na yamepakwa zinki, nayo zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaompa mlehemuji homa na mtetemeko usiku ule. Bati la paa libaki juu ya paa.

Kuhusu gharama nitasema machache, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Rangi nzuri ni ghali, na kazi ya kuipaka ni ghali zaidi; mwenye kuipaka juu ya puti iliyojaza kutu ataipaka tena baada ya masika kadhaa, na mara hiyo ya pili atalikuta shimo limekuwa kubwa, na sehemu ya karibu yake, ambayo mara ya kwanza ilikuwa nzima, nayo imeingia. Kilicho kizito zaidi kuliko gharama ni amana. Gari lililofichwa kutu yake aghalabu huuzwa, na anayelinunua hupanda ndani yake pamoja na wanawe, akitegemea vizingiti ambavyo muuzaji anajua kwamba ni unga na utomvu. Fikihi tuliyofundishwa imempa mnunuzi haki ya kuirejesha bidhaa kwa aibu iliyofichwa, na imemtaka muuzaji aibainishe. Sioni kwa nini ghushi katika nafaka iwe haramu, na ghushi katika bati linaloshika mikanda ya abiria iitwe ufundi.

Imebaki ile hujja ya bahari, nayo ni hujja ya kukata tamaa iliyovaa joho la hekima. Ni kweli kwamba kutu itajaribu kurudi. Lakini hurudi mahali maji yanapokaa, na mtu aliyekata amepafungua mahali hapo, ameona maji yalivyoingia, ameyazibua matundu yaliyozibika, na pengine ametoboa jingine katika pembe ya chini ambayo kiwanda kiliisahau. Kabla ya kulifunga sanduku amelipaka ndani praima yenye zinki kandokando ya maungio, na baada ya kulifunga amelipulizia nta nyepesi inayotambaa yenyewe mpaka ndani ya mikunjo, kazi ambayo hurudiwa kila baada ya miaka michache kwa gharama isiyofika ya gurudumu moja. Maungio ya nje ameyaziba kwa gundi ya mpira baada ya praima, si kabla yake. Zulia la mpira amelitoa, na chini ya gari hupitisha maji matamu kila mara alipolitembeza ufukweni. Masika yakikaribia hulala chali chini ya gari akiwa na taa na bisibisi, akagonga kila pembe aliyoiunga kwa mkono wake, kwa kuwa anajua pembe gani iliingiza maji na kwa njia ipi. Na fundi wa puti, hata ukimwuliza kwa wema na kumlipa kwa jibu lake, hawezi kukuonesha hata moja ya pembe hizo, maana siku ya kazi yake hakuna kilichofunguliwa.